Barua kutoka Birmingham: Mfukoni Una Nini?

Mjomba mpendwa,

Huku Birmingham tu wazima, ila baridi imeingia na saa kumi jioni giza limeshatanda. Natumaini mvua imewakuta mmekwisha kupanda, na kwamba bei ya ndizi sokoni Nkubu inaridhisha.

Kwenye simu uliniuliza kama bado natembea na kisu cha kukunja kama ulivyotufunza shambani. Ninacho, lakini huku sheria ndiyo inayokipima. Tangu mwaka 1988, mtu haruhusiwi kuwa na kisu hadharani bila sababu ya maana, isipokuwa kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3 na ambacho hukunjika wakati wowote. Ukipita barabarani hapa na panga lako la asubuhi bila sababu, polisi watakukamata. Naiunga mkono sheria hiyo, maana vijana wengi wa miji hii wameuawa kwa visu. Changu ni kile chekundu cha Uswisi, cha ukoo wa kisu alichokisajili Karl Elsener mwaka 1897. Kinakata uzi, kinafungua vifurushi, kinatoa mwiba.

Hata hivyo, kifaa ninachokithamini zaidi hakina makali: ni filimbi. Joseph Hudson, fundi wa mji huu huu, ndiye aliyewatengenezea polisi wa London filimbi yao katika miaka ya 1880, wakaachana na vidude vya mbao walivyokuwa wakivizungusha vitoe kelele. Wapanda milima wa huku wakipatwa na shida hupuliza mara 6 katika dakika moja, hunyamaza dakika moja, kisha huanza tena. Mwenye kupiga mayowe hukaukwa na sauti mapema, lakini filimbi hulia maadamu una pumzi.

Nayasema haya kwa ajili ya barabara yetu ya huko nyumbani. Kila nikisikia Daraja la Nithi likitajwa kwenye habari, moyo hushtuka. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali ikitokea, wanaofika kabla ya ambulensi ni wanabodaboda na wakulima wa karibu. Walicho nacho mfukoni saa hiyo ndicho kinachoweza kumfikisha majeruhi hospitalini akiwa hai.

Naomba basi uzungumze na vijana wa bodaboda wa steji ya Nkubu. Kila mmoja awe na filimbi, glavu, kitambaa safi, mkasi wenye ncha butu wa kukatia mkanda wa gari, na tochi ndogo. Simu ya mulika mwizi inamulika, ndiyo, lakini chaji yake ibaki ya kupiga 999 au 112. Jeraha likivuja damu, wakandamize kitambaa kwa nguvu bila kukiondoa ili kuchungulia. Damu ikipenya, waongeze kingine juu yake. Jambo hilo mtu hujifunza kwa muda mfupi, na huokoa maisha.

Muulize mwenyekiti wao wako wangapi, kisha unijulishe. Mimi na wenzangu wa Meru tunaoishi hapa tumekubaliana kuchangia vifaa hivyo, na pesa zitakufikia kwa M-Pesa mwisho wa mwezi.

Mpwa wako akupendaye.