Ukungu, Kuvu au Chumvi? Tujue Tofauti Kabla ya Kupaka Rangi



Wazazi wetu wapenzi, hapa Bujumbura mvua huanza karibu na mwezi wa 10 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Katika miezi hiyo watoto huja madrasa na juzuu zinazonuka uvundo, na kanzu zenye vidoadoa vyeusi. Wengine huja na kikohozi kisichokwisha. Tukiuliza nyumbani kuna nini, jibu huwa moja: "Ni ukungu tu, Ustadh." Neno hilo "tu" ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Sisi walimu kazi yetu ya kila siku ni kutenganisha mambo yanayofanana. Katika somo la twahara mtoto hufundishwa kwamba si kila uchafu ni najisi. Vumbi likiingia kwenye kanzu, kanzu imechafuka lakini haikunajisika. Asiyejua tofauti hiyo hujitaabisha pasipo haja, au hupuuza pale palipo na haja. Ukungu wa nyumbani nao unataka tuujue kwanza, kisha ndipo tushike kitambaa.

Wataalamu wanatuambia kuwa yote haya ni jamii moja ya viumbe hai, yaani kuvu. Mbegu zake ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo zimo hewani kila mahali. Haziwezi kuota pasipo unyevu. Hata hivyo, ndani ya nyumba tunaiona kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ni ukungu wa juu, ambao wengine huuita koga. Huu hulala bapa kama unga au vumbi, mara nyingi mweupe au wa kijivu. Utauona kwenye viatu vya ngozi vilivyofungiwa kabatini, kwenye jalada la kitabu, pazia la bafu au vigae vya chooni. Ukipitisha kitambaa chenye maji ya sabuni juu ya kigae, hutoka, na chini yake unakuta kigae ni kizima.

Sura ya pili ni kuvu iliyozama. Mara nyingi ni nyeusi, ya kijani au ya kahawia. Huweza kuwa na manyoya au utelezi, na huenea kwa mabaka. Nyuzi zake huingia ndani ya ubao, dari, zulia na godoro. Ukiifuta leo, baada ya siku chache imerudi palepale. Ubao ukiubonyeza unakuta umelainika. Harufu yake ni ya udongo mbichi, na mara nyingi pua huitambua kabla ya jicho.

Rangi peke yake isikudanganyeni. Ukungu wa juu nao huweza kuwa mweusi, na weusi wenyewe si ushahidi wa sumu. Ulizeni mambo mawili: je, imezama? Na je, ikifutwa inarudi?

Aidha, kuna vitu viwili vinavyosingiziwa kuwa ukungu. Cha kwanza ni chumvi ya ukutani. Ukuta ukinyonya maji kutoka ardhini, maji yakikauka huacha unga mweupe sehemu za chini. Kwangua kidogo, tia katika tone la maji. Ikiyeyuka ni chumvi. Chumvi haina uhai, lakini ni shahidi kwamba ukuta wako unakunywa maji. Cha pili ni masizi ya jiko la makaa. Dondoshea doa tone la javeli (wengine huiita Jiki), usubiri dakika moja au mbili. Doa likififia, huo ni ukungu. Masizi hubaki yalivyo.

Mwaka 2022 tulikuwa na mwanafunzi wa juzuu ya Amma ambaye sauti yake ilikatika katikati ya aya, na kifua kikipiga filimbi. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Tulipokwenda kumjulia hali tuliikuta nyumba inang'aa, kwani ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwa ajili ya Idi. Lakini baba yake alipolisogeza godoro la mtoto kutoka ukutani, nyuma yake palikuwa na baka jeusi lenye upana wa sinia.

"Kila Idi tunapaka rangi, Ustadh," akasema, "na kila mvua linarudi."

Fundi alipopanda juu alikuta tundu la msumari kwenye bati. Maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta kila mvua inaponyesha. Bati likazibwa. Shida ikawa godoro, maana kuvu ilikuwa imekwisha kuingia ndani. Mama alisita sana, kwa kuwa alilinunua kwa pesa za upatu alizozisubiri miezi mingi. Hatukumlaumu. Mwishowe alilitoa mwenyewe. Mtoto akalala mkekani mpaka zamu nyingine ya upatu ilipofika.

Hatudai kwamba kutupa godoro ndiko kulikomponya, kwani daktari aliendelea na dawa zake za pumu. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya matatizo ya kupumua na pumu. Na mvua zilizofuata, mtoto yule alisoma Suratul Bayyina yote akitusikilizisha, na sauti haikukatika.

Basi tufanye nini?

1. Tuanze na maji: bati, bomba, mfereji. Kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu haijaota.

2. Vitu vigumu kama vigae, vioo na vyuma visuguliwe kwa maji na sabuni, kisha vikaushwe kabisa.

3. Vitu vinavyonyonya maji, kama godoro na zulia, kuvu ikishazama ndani ni bora vitolewe.

4. Wakati wa kusafisha fungueni madirisha, vaeni barakoa na glavu, na watoto na wenye pumu wakae mbali.

5. Javeli isichanganywe kamwe na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala amonia. Hutoa gesi ya sumu.

6. Baka likizidi kama mita moja ya mraba, tafuteni fundi anayejua kazi hiyo.

Ama misahafu na vitabu, visilowanishwe. Viacheni wazi kivulini penye upepo mpaka vikauke, kisha pangusieni nje ya nyumba kwa brashi laini. Rafu isigusane na ukuta, ili hewa ipite nyuma yake. Msahafu ulioharibika kabisa usitupwe jalalani. Uleteni kwa imamu, awaelekeze namna ya kuuhifadhi kwa heshima.

Ndugu zetu, rangi ya Idi ni furaha, nasi hatuikatazi. Lakini rangi juu ya kuvu hubanduka, na kinachobaki chini yake ndicho mtoto anachovuta usiku kucha. Kwa hiyo, kabla hamjanunua kopo la rangi mwaka huu, sogezeni magodoro na makabati kutoka ukutani mtazame nyuma yake, na mumpandishe fundi juu ya bati.

Wabillahi tawfiq.