Mafahali Wanne Kwenye Kompyuta Moja



Kila anayesoma ng'ambo analijua hili. Unaweza ukawa unasomea kilimo, sheria au uuguzi, lakini ukishafika kwa jamaa tu, hata begi halijafunguliwa, wewe ni fundi wa kompyuta. "Hebu itazame na hii, siku hizi haiendi." Mimi nasomea afya ya jamii. Hata hivyo likizo yangu ya Julai 2024, niliyokwenda kupumzika kwa ami yangu huko Azaiba, Maskati, nusu yake niliimaliza mbele ya kompyuta ya nyumbani. Niliyoyaona nimeona niwaandikieni, kwa sababu najua kompyuta za namna ile ziko pia Ilala, Eastleigh na Kampala, na nyingine zimo humu humu mabwenini mwetu.

Kwa asiyeijua, Azaiba ni mtaa wa pwani ya Maskati, baina ya Ghubra na uwanja wa ndege. Mtu wa kwetu hapati upweke kule, Kiswahili atakisikia. Familia nyingi za Maskati zilitoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine zikaja baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Nyumba ya ami ni moja katika hizo. Lakini Bibi, mama yake, alibaki Unguja. Miaka ile simu ilikuwa ghali, basi Bibi alikuwa akizungumza kwenye kanda ya kaseti, anampa msafiri, na kanda inafika Maskati kama barua. Zimesalia kanda kumi na moja. Bibi alishafariki zamani, na hakuna pahala pengine sauti yake ilipo.

Ami akaamua kuzihamishia kanda hizo kwenye kompyuta. Kila akirekodi na kusikiliza, sauti inakatika. Bibi anaanza kumuulizia mtoto, kisha kimya, kisha unasikia mkia wa sentensi nyingine kabisa. Na kanda ya miaka arobaini si kitu cha kuchezea, kila ukiipitisha kwenye redio inachakaa. Mbili zilikuwa zimeshatafunwa katika majaribio. Ami alishakata tamaa, akisema kanda zimeoza. Nikaichukua moja, nikaipiga kwenye redio kaseti peke yake bila kompyuta. Bibi alizungumza upande mzima bila kukatika.

Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linatokea dirisha linaloonyesha kila programu inafanya nini. Diski inafanya kazi asilimia 100, na hakuna mtu aliyefungua kitu! Kutazama vizuri, kulikuwa na programu nne za kuzuia virusi, na zote zinaamka pamoja kompyuta inapowashwa. Majina yake siyataji. Moja ilikuja na kompyuta kutoka dukani, ya pili aliiweka mtoto wake, ya tatu jirani, na ya nne ami mwenyewe aliishusha kwenye intaneti siku alipoanza kurekodi, ati sauti ya mama yake iwe na ulinzi wa kutosha.

Sasa mwambie mzee kwamba ulinzi wake ndo unaomla. Aliniskiliza kwa utulivu, akanijibu: "Mwanangu, mlango wangu una kufuli mbili na komeo. Hujawahi kuniambia nipunguze."

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Sisi tuliopita kwenye mikahawa ya intaneti tunaikumbuka vizuri. Novemba 2008 kilizuka kirusi cha Conficker, kikawa kinasambaa kwa mitandao na kwa flashi. Ulikuwa unakwenda kuchapisha karatasi moja, unarudi na flashi iliyojaa mafolda usiyoyajua. Mpaka Februari 2011 ndipo Microsoft ilipotuma sasisho la kuzuia Windows za zamani zisiendeshe zenyewe kilichomo kwenye flashi. Na Ghuba nako kuna kisa chake: Agosti 2012 kirusi cha Shamoon kilifuta kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco. Mtu aliyeishi miaka hiyo akiongeza mlinzi, usimcheke.

Ila mfano wa kufuli ndipo unapopotoka. Kufuli halitembei na wala haliulizi, na kufuli mbili hazigombani. Programu ya kuzuia virusi ni askari wa zamu. Inakaa katikati ya diski na programu nyingine zote, na kila faili linapofunguliwa inalisoma kwanza na kulilinganisha na alama za virusi inavyovijua. Askari akiwa mmoja, kazi hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Wakiwa wawili, wa kwanza akilifungua faili alikague, wa pili anaona faili limefunguliwa, naye analikagua. Wanne ndo usiseme. Na kurekodi sauti ni kuandika kwenye diski mfululizo bila kupumzika. Diski ikichelewa mno, programu ya kurekodi haina pa kuiweka sauti iliyoingia, basi inapotea. Maneno ya Bibi yalikuwa yakipotelea hapo.

Isitoshe, askari hao wanashukiana. Kila mmoja ana orodha yake ya alama za virusi, na ana chumba anachofungia mafaili aliyoyakamata. Mwenzake akiyaona hayo anaweza kupiga kelele kwamba kakuta mwizi. Kikija kirusi cha kweli, wote wanakikimbilia kwa pamoja, huyu kakishika, yule anataka kukifuta, na kompyuta inaganda. Wazee walishasema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuliwaweka wanne.

Wengine wanadhani wakichukua majina matatu wanapata macho matatu tofauti. Hata hilo si lazima. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Norton iliichukua Avira, kisha mwaka 2022 ikaungana na Avast. Zote nne leo ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Yaani unaweza kuwalipa walinzi watatu, kumbe wametumwa na tajiri mmoja.

Nilieleza yote hayo, ami akawa bado anatafakari. Ikaja Ijumaa ya tarehe 19 Julai. Televisheni zikaonyesha abiria wamekwama kwenye viwanja vya ndege duniani, kompyuta zimebaki na skrini ya buluu. Ami akasema, "Umeona virusi hivyo?" Kumbe siku ile hakukuwa na kirusi wala mwizi. Lilikuwa sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, na Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Mlinzi wa namna hii anapewa funguo za ndani kabisa ya mtambo, akijikwaa anaanguka na nyumba. Kila unayemwongeza, unaongeza na uwezekano huo. Ami akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, waondoe. Lakini mmoja abaki."

Kuwaondoa nako kuna adabu yake. Ukifuta kwa njia ya kawaida tu, mara nyingi yanabaki mabaki ndani ya mtambo yanayoendelea kusumbua. Watengenezaji wengi wana kiprogramu maalumu cha kuondolea bidhaa yao, kinapatikana bure kwenye tovuti zao. Tuliondoa moja, tukazima na kuwasha, ndipo tukaenda kwa ya pili. Mpaka Isha tulikuwa tumemaliza zote nne, na ile kinga ya Windows yenyewe ikaamka bila kuitwa. Kinga hiyo imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na kwenye kompyuta za nyumbani hujiweka kando ikiona mgeni kajiandikisha. Nikamwekea pia programu moja ya kukagua kwa kuitwa tu, isiyokaa zamu. Hiyo haigombani na mtu, ni kama daktari, unamwita ukihisi homa.

Asubuhi yake tukarekodi. Kanda tisa zimeingia nzima nzima. Zile mbili zilizotafunwa zimo ndani ya bahasha, zinangoja fundi wa kanda, na sijui yupo wapi siku hizi. Anayemjua aniandikie.

Ninayowaachia wenzangu ni haya. Askari wa zamu awe mmoja, na achague mwenye kompyuta, wala siyo kila mgeni anayepita. Usipende kuahirisha masasisho: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliingia kwenye kompyuta nyingi kwa tundu ambalo Microsoft ilishatoa dawa yake Machi mwaka huo huo. Kama wazee wako wanatumia Windows 10, wajue kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kurundika antivairasi hakuzibi pengo hilo. Dirisha likikurukia kwenye intaneti na kukupigia kelele kwamba una virusi 38, lifunge, usishushe chochote. Na kubwa kuliko yote, weka nakala. Sauti ya Bibi sasa ipo kwenye kompyuta ya Azaiba, kwenye diski ya nje iliyowekwa kwa binti yake ami kule Seeb, na nyingine ninayo mimi hapa chuoni. Kompyuta ile ikiibiwa au ikiungua kesho, Bibi yupo.

Kwa hiyo mkienda likizo, msikimbie mkiambiwa "itazame na hii". Kaeni chini na mzee, muulizeni kwanza humo ndani anaogopa kupoteza nini. Tasnifu yenyewe itangoja wiki moja.

Nawatakieni masomo mema na baridi njema.