Kutoka Chemchem Hadi Mlimani

Nilipotoka mtaa wa Chemchem, Tabora, mwaka 2006 kwenda kuanza masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kompyuta pekee niliyoizoea ilikuwa ya duka la steshenari mtaani kwetu. Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Programu zake zote zilikuwa nakala za wizi, na karibu kila flashi iliyochomekwa iliacha virusi. Tuliamini ndivyo mambo yalivyo: programu inatoka ng'ambo imefungwa, mwenye fedha analipia leseni, asiye nazo anaiba, na wote wawili hawaoni ndani kuna nini.

Treni iliondoka Tabora jioni. Nilikaa daraja la tatu, begi miguuni, nikitazamana na mzee mmoja wa Kinyamwezi anayeshukia Itigi. Alinisimulia habari za wazee wake waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Reli iliyojengwa na Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912, inapita ukanda uleule wa misafara. Goweko na Tura zilipita gizani, wauza karanga na mayai wakiita madirishani. Asubuhi nilishuka Dodoma, nikapanda basi la Dar.

Mlimani, kama tunavyokiita chuo, kulikuwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyependa kukaa maabara hadi usiku. Siku moja aliniona nikihangaika na flashi yenye virusi. "Mdogo wangu, hebu weka hii," akaniambia, akinipa CD ya Ubuntu. Wakati ule mradi wa Ubuntu, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa unatuma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Mashine iliwaka kutoka kwenye CD yenyewe, bila kugusa kitu kwenye diski yake. Skrini ikawa ya rangi ya kahawia, na kila programu niliyohitaji ilikuwamo.

Nikamuuliza nani amelipia. Akacheka, akanifundisha kushusha msimbo wa programu ndogo iitwayo GNU Hello, ambayo kazi yake ni kutoa salamu tu. Juu kabisa ya faili palikuwa na haki ya kunakili na maelezo ya leseni ya GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1989: unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma, kuibadili na kuigawa, ila ukiigawa usimnyime mwenzako ruhusa hizohizo. Chini yake ulikuwa msimbo wenyewe, herufi za kawaida ninazoweza kuzisoma. Nikautafuta mstari wa salamu, nikaufuta, nikaandika "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya kwetu Unyamwezini. Nikaandika amri ya make. Mistari ikashuka kwa kasi, kisha ikasimama. Nilipoiendesha, mashine ikaniamkia Kinyamwezi.

Sijawahi kufurahi vile mbele ya kompyuta. Kando ya njia ya zamani kutoka Tabora kwenda Ujiji bado kuna miembe mikubwa. Msafiri anayekula embe leo hakuupanda mti, na hakuna anayemzuia kuipanda kokwa mbele zaidi. Programu huria nilizielewa hivyo. Linus Torvalds naye alikuwa mwanafunzi wa Helsinki, miaka 21, alipoitoa Linux, kiini cha Ubuntu, mwaka 1991.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa jirani. Mwaka 2004, chuo hichohicho kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu leseni ilikwisha kuitoa. Naamini hapo ndipo penye uzito: kijana wa shule anayepewa programu iliyofungwa anajifunza kubonyeza, na anayepewa iliyo wazi anaweza kujifunza kutengeneza. Shule zetu zilistahili hii ya pili tangu mwanzo.

Likizo nilirudi na CD kadhaa. Mwenye duka la steshenari, ambaye namwita mama tangu utotoni, alikubali niweke Ubuntu kwenye mashine moja. Printa ilitusumbua siku nzima kabla ya kukubali, na majedwali ya wateja yaliyotoka programu nyingine yalivurugika. Mama akaamua: mashine ya zamani ibaki kwa kazi za wateja, hii yenye Ubuntu iwe ya barua mpya na ya vijana kujifunzia. Virusi vya flashi havikuisumbua.

Kijana wa kidato cha tatu akataka kuona ndani. Nikamfungulia ule msimbo wa salamu. Akaandika jina lake, mashine ikakataa. Akasoma namba ya mstari wenye kosa, akaona amesahau alama ya kufunga, akairekebisha. Kabla ya kuondoka akauliza kama anaweza kunakili CD ampelekee rafiki yake wa mtaa wa Isevya. Nikamwambia anakili mbili.