Kuziba si Kufunika

Kwa zaidi ya miaka ishirini tumesimama mbele ya wanafunzi na kuwafundisha methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Tumeieleza kwa mifano mingi, na tumesahihisha insha zisizo na idadi juu yake. Hata hivyo, maana yake kamili hatukuipata darasani. Tuliipata tukiwa tumelala chali juu ya gunia, chini ya gari kuukuu, katika karakana moja ya Katwe, mjini Kampala.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, nalo tulirithi kwa marehemu baba yetu, aliyekuwa mwalimu kama sisi. Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sifa zake, kwani gari la aina hiyo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha likashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Lakini sifa hazizuii kutu. Baada ya baba kufariki, gari lilikaa miaka mingi chini ya mwembe, magurudumu yamezama katika majani yasiyokauka umande.

Siku moja tuliazimia kuliuza. Mwalimu mwenzetu alilitaka kwa ajili ya kuwapeleka watoto wake shuleni. Tulimwita fundi mmoja wa jirani, naye kwa siku mbili tu akajaza matundu kwa pati, akasugua, akapiga rangi. Gari liling'aa kama jipya. Mwenzetu alifurahi, akatoa arbuni. Matundu tulikuwa tumeyaona kwa macho yetu, lakini tulinyamaza, tukijiambia kwamba mnunuzi naye ana macho.

Kabla ya siku ya kumkabidhi, tuliinua gari kwa jeki ili tubadilishe gurudumu. Gari halikuinuka. Jeki ndiyo iliyopanda, ikatoboa boriti ipitayo chini ya milango na kuzama ndani yake, huku magamba ya kutu yakimwagika chini. Tulisimama pale tukiwafikiria wale watoto.

Ndipo tulipolipeleka Katwe, kwa mzee mmoja aliyejifunza kazi ya bodi Nairobi, na Kiswahili pia. Alipita akigonga kwa nyundo ndogo. Penye chuma kizima palilia; penye pati palitoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

"Mwalimu," alituambia, "gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Hapa si pambo, ni mfupa."

Alitueleza kwamba boriti ile ni kama sanduku refu. Maji na matope huingia ndani, vitundu vya kutolea maji huziba, na chuma huoza kwa ndani kabla hakijaonekana kwa nje. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, kwa hiyo huyatanua mabati yaliyounganishwa mpaka yakaachana. Pati haizuii hayo. Hushikilia unyevu juu ya chuma na kuuficha ugonjwa.

"Basi tuzibe, Mzee," tulisema.

"Tutaziba. Lakini kuziba si kufunika."

Siku ya tatu, kazi ikiwa imeanza, tulimwita mwenzetu aje aone. Alilitazama tundu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tulijua. Tulimjibu kwamba tulijua. Tulimrudishia arbuni yake, naye akaipokea bila neno. Kwa wiki kadhaa, katika chumba cha walimu, hatukupata kwake zaidi ya salamu.

Mzee hakuwa na haraka. Kwanza aliondoa nyaya za betri, viti, mazulia na tangi la petroli, kwa kuhofia moto. Akaliegemeza gari juu ya vigogo, likakaa sawasawa, kisha akachomelea vyuma vya kukingama katika nafasi za milango, ili bodi isilegee boriti itakapokatwa. Ndipo aliposhika tindo. Tulidhani angekata kiasi cha kiganja; kufika jioni tundu lilikuwa refu kuliko mkono. Tulimsihi akome. Alikataa, akasema kwamba bati lililoliwa haliwezi kushika weldi, litaungua tu. Alikata mpaka alipokutana na chuma kinachong'aa.

Kisha alikunja bati jipya, akalipaka rangi ya kuzuia kutu upande wa ndani, akalichomelea kwa vipande vifupi: hapa kidogo, kule mbali kidogo, akisubiri lipoe, kwa maana joto likizidi mahali pamoja bati hupinda. Kila mara alifungua mlango na kuufunga, apate kujua kama bodi imehama. Mwisho alimimina nta iliyoyeyushwa kwa mafuta ndani ya boriti, na vitundu vya maji akaviacha wazi. Kazi ilichukua siku kumi na moja, na gharama yake ilipita arbuni ile.

Mwenzetu alikuja siku ya mwisho bila kuitwa. Aliomba gari liinuliwe kwa jeki mahali pale pale. Liliinuka. Akafungua mlango likiwa juu, akaufunga, nao ukafunga vizuri. Hakulinunua. Lakini aliingia akaketi kiti cha mbele, akatuomba tumpeleke nyumbani.

Ndugu walimu, tangu siku hiyo, kila tufundishapo methali ile, hatuanzi na ufa wala ukuta. Tunaanza kwa kuwauliza wanafunzi: kuziba ni nini?