Inchi 26 au inchi 30?

Nimepotea wiki kadhaa, mnisamehe. Si mitihani wala ugonjwa. Nilikuwa nagombana na nafsi yangu kuhusu bomba la chuma.

Tangu nije kusoma hapa Uingereza nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha. Najua mnavyoshangaa. Mama alipopata habari alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Mwanangu, umekwenda shule au umekwenda jeshini?" Nikamwambia tunapiga karatasi tu, mama. Akasema, karatasi imewakosea nini?

Uwanja wenyewe uko Bisley, mkoa wa Surrey. Watu wanashindana pale tangu 1890. Kabla ya hapo mashindano yalikuwa Wimbledon, ambako Malkia Victoria alifyatua risasi ya kwanza mwaka 1860. (Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye mashine, yeye akavuta kamba tu. Wakubwa bwana!) Kuna sehemu inaitwa Stickledown ambayo unaweza kulenga hadi yadi 1,200. Sisi hupiga yadi 1,000, yaani mita 914. Ng'ombe akisimama kule, kwa macho matupu huwezi kuapa kama si mbuzi.

Basi bunduki ya klabu ninayoitumia, ya 7.62, mtutu wake umechoka. Maelfu ya risasi yamepita humo, na moto wa baruti umeula chuma pale risasi inapoanzia safari. Mzee anayetunza silaha za klabu akatuuliza sisi tunaoitumia: mnataka mtutu mpya wa urefu gani?

Nikajibu fasta: mrefu! Nani asiyejua kuwa mtutu mrefu hupeleka risasi mbali? Mzee akauliza, "Kwa nini?" Nikabaki namtazama.

Nilichojifunza ni hiki. Risasi huendelea kuongeza kasi muda wote ambao gesi ya baruti inaisukuma ndani ya mtutu. Lakini msukumo mkubwa uko mwanzoni kabisa. Huko mbele gesi inazidi kupoa na kutanuka. Kwa bunduki kama yetu, kila inchi unayoongeza huleta mita 6 hadi 8 hivi kwa sekunde. Kwa vibunduki vya .22, ambavyo baruti yake ni kiduchu, baada ya inchi 16 hivi huongezi kitu cha maana. Kwa hiyo kutoka inchi 26 hadi 30 tunazungumzia labda mita 30 kwa sekunde, kwa risasi inayotoka na kasi ya karibu mita 900. Ni kidogo, eti?

Ni kidogo ukiwa karibu. Ukiwa yadi 1,000, risasi hufika ikiwa imebakiwa na chini ya nusu ya kasi yake, na inakaribia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Ikishuka kufikia hapo kabla ya shabaha, nyingine huanza kuyumba kama pia inayoishiwa nguvu. Siku ya baridi hewa ni nzito na risasi inachoka mapema zaidi. Hapo ndipo zile mita 30 zinapogeuka kuwa akiba.

Halafu kuna macho. Hatutumii darubini, tunatazama kupitia kitundu cha nyuma na duara lililo mbele, mdomoni mwa mtutu. Vikiachana kwa sentimita 90, kosa la sehemu ya kumi ya milimita linakuwa sentimita 10 kwenye shabaha. Vikiachana kwa sentimita 80, kosa lilelile ni sentimita 11 na nusu.

Upande wa pili nao una hoja. Mtutu mrefu unapinda kirahisi. Kwa unene uleule, wa inchi 30 utapinda nusu tena zaidi ya ule wa 26 kwa nguvu ileile. Ni mzito mdomoni, na mimi mnanijua, mwili wangu ni wa kupeperushwa na feni. Ila tunapiga tumelala chini, mkanda umekaza mkononi, kwa hiyo uzito si adhabu sana. Na kusema kweli, upepo unawashinda wote: ule wa kilomita 16 tu kwa saa, ukipiga ubavuni, unaisukuma risasi zaidi ya mita 2 kabla haijafika. Hakuna mtutu wa kukutibu hilo. Utatazama bendera mpaka macho yatoke machozi.

Sasa niseme kilichonikosesha usingizi hasa.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa ripota nyumbani, niliandika habari ya mauaji. Mfugaji alipigwa risasi mchana, na wanakijiji wakamtaja mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde. Walisema ana gobore refu kuliko yote pale, na kwamba alifyatua akiwa mlangoni kwake. Nililivuka lile bonde kwa miguu. Lilikuwa karibu kilomita nzima. Nikaandika, bila kupepesa macho, kwamba gobore hilo lina uwezo wa kumpata mtu umbali huo. Mhariri alifurahi. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa.

Gobore! Mtutu wake laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi ili itulie. Goroli la risasi linapungua kasi haraka sana, na ukipita mita 100 hivi hujui tena linaelekea wapi. Urefu wa mtutu unasaidia baruti nyeusi kusukuma, sawa, lakini haulifanyi gobore kuwa bunduki ya Bisley. Ningemuuliza fundi yeyote wa magobore angeniambia. Sikuuliza.

Mzee yule alikuwa ameshakamatwa kabla sijaandika, hilo najifariji nalo. Lakini alipoachiwa baada ya miezi kadhaa alikuta nyumba imechomwa, na majirani walikuwa wakitembeza gazeti langu. Wahusika wa kweli sijui kama waliwahi kutafutwa.

"Kwa nini?" Swali la mzee wa Bisley lilikuwa dogo, la neno moja na nusu. Nilipolikosea jibu, nilijua nimewahi kulikosea mahali pengine, na kule halikuwa karatasi.

Tumechagua inchi 30. Kama tungekuwa tunaishia yadi 600 ningepigia kura 26 bila kujiuliza. Pia mtutu mrefu unaweza kuukata baadaye, ila mfupi huwezi kuuongeza. Unafika mwezi ujao.

Barua kwa mhariri wangu wa zamani, ya kuomba masahihisho yachapwe na jina la mzee lisafishwe, nimeituma jana usiku. Nakala nimempelekea mwanawe. Nikijibiwa nitawaambia.