Watu wa Simbamwene

Sisi ni ndugu wanne wa tumbo moja, wakazi wa Morogoro, na majirani hutucheka kwa jambo moja: tunapenda mno historia ya wafalme wa Urusi. Hatukuisomea. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, mwingine hushona nguo, na wawili hulima mboga kando ya Mto Ngerengere. Lakini tukikutana Jumamosi baada ya swala ya Isha, hatuondoki kabla ya kubishana nani alimzaa nani katika ukoo wa Romanov, uliotawala Urusi tangu 1613 hadi 1917.

Mapenzi hayo yaliletwa na kaka yetu mkubwa, aliyesoma Urusi enzi za Kisovieti na kurudi na kitabu cha picha za kasri la Leningrad. Sisi wadogo zake tulizitazama zile ngazi za marumaru na kuta za dhahabu hadi kurasa zikalegea. Baadaye tukaanza kuuliza: waliokuwa wakizipanda ngazi hizi walikwenda wapi?

Wapo waliotuuliza Mwislamu anatafuta nini kwa wafalme wa makafiri. Huwajibu kwamba Qur'ani Tukufu imetusimulia habari za Firauni na za Malkia wa Saba, tena imetuhimiza tutembee katika ardhi tuutazame mwisho wa waliotutangulia. Na mwisho wa wafalme wa Urusi una mazingatio makubwa. Usiku mmoja wa Julai 1918, katika mji wa Yekaterinburg, mfalme Nicholas wa Pili, mkewe Alexandra na watoto wao watano waliteremshwa chini ya nyumba waliyofungiwa, wakapigwa risasi wote pamoja na watumishi wao. Ufalme wa miaka mia tatu ukaishia katika chumba kimoja.

Kilichotushika zaidi, hata hivyo, ni yaliyofuata. Mwaka 1920 mwanamke mmoja aliopolewa kutoka katika mfereji mjini Berlin. Baadaye akadai kuwa yeye ni Anastasia, binti mdogo wa mfalme aliyeponea chupuchupu. Jina alilojulikana nalo ni Anna Anderson. Wako waliomwamini na wako waliomkana, kesi zikaenda mahakamani kwa miaka mingi, naye akafa Marekani mwaka 1984 bila kuliacha dai lake. Mifupa ya mfalme na baadhi ya watu wake ilifukuliwa mwaka 1991. Ili kuitambua, wataalamu walichukua damu ya Prince Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa Alexandra. Ipo sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake, na kwa njia hiyo Alexandra na mabinti zake wakatambulikana. Vinasaba vya Anna Anderson navyo vilipopimwa, vikaonyesha kwamba hakuwa wa ukoo ule. Watoto wawili waliokuwa hawajaonekana walipatikana mwaka 2007. Hakuna aliyeponea.

Habari hiyo ya damu ya mama haikuwa ngeni kwetu. Uluguruni, mtu huhesabiwa kwa upande wa mama. Lukolo, yaani ukoo, hupita kwa mama kwenda kwa mtoto, na ardhi ya mlimani imegawanywa kwa hesabu hiyo tangu kale. Basi kaka yetu akasema siku moja, "Warusi tumewamaliza. Sisi wenyewe je?"

Swali hilo lilitufurahisha, kwa maana tulidhani jibu tunalo. Bibi yetu mzaa mama, Allah amrehemu, alikuwa akituambia utotoni, "Nyinyi ni watu wa Simbamwene."

Huenda msomaji wa mbali halijui jina hilo. Kabla ya mji huu wa sasa, palikuwa hapa na mji wa ngome ulioitwa Simbamwene, mji wa Kisabengo. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipita hapa mwaka 1871 akauandika: kuta za mawe, minara katika pembe zake, malango manne yenye milango iliyonakshiwa kama ile ya Pwani. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa. Aliyetawala ni binti yake mkubwa, ambaye baba yake alimrithisha utawala na jina la mji pia. Stanley aliporejea mwaka 1872, mafuriko ya Ngerengere yalikuwa yamekwisha kuung'oa ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi.

Malkia, katika mji wetu, anayetawala kwa jina lake! Sisi tuliozoea malkia wa mbali tulijiona tumeokota lulu mlangoni petu. Tukachora shajara ya ukoo katika karatasi kubwa, juu kabisa tukaandika Kisabengo, chini yake Simbamwene, kisha nafasi tupu ya vizazi viwili, kisha bibi yetu. Ile nafasi tupu haikututia shaka. Tulisema itajazwa.

Mwaka jana binti wa dada yetu alipoposwa na familia ya Bagamoyo inayojua nasaba yake kwa vizazi saba, nasi hatukutaka kuonekana wanyonge. Mshenga alipouliza habari za ukoo, tulijibu kwa sauti moja kuwa sisi ni wajukuu wa Malkia Simbamwene. Wazee wa Bagamoyo wakatikisa vichwa kwa heshima. Tukaagiza hata maneno hayo yaandikwe katika kadi za harusi.

Kabla kadi hazijachapwa, tulipanda Mkuyuni kumwarifu mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika rika lile. Tulimkuta barazani akimenya mihogo. Tulimwamkia, tukamkunjulia karatasi yetu, tukamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani aliwaambia kuwa ni wajukuu?"

Tukamjibu kuwa bibi alisema sisi ni watu wa Simbamwene.

"Ndiyo, watu wake," akasema. "Kama mtu asemavyo mbuzi wake. Mama yake bibi yenu aliletwa pale mdogo, hajaota meno ya pili. Hakujulikana katoka wapi. Hakuwa na lukolo."

Hakuna aliyesema neno. Katika nchi ambako mtu ni mama yake, mtu asiye na lukolo ni mtu aliyetekwa. Tulikuwa tumesoma kwa Stanley kwamba Kisabengo aliteka watu, na tukaipita sentensi hiyo haraka, kama mtu apitaye penye harufu. Tulikuwa tumepita haraka hata pale panaposema kwamba Kisabengo mwenyewe alizaliwa na watu wa chini, akaanza kwa kuwaongoza watumwa waliotoroka. Sisi tuliomcheka Anna Anderson miaka yote hiyo tulikuwa tumefanya alilolifanya yeye. Tena yeye hakuwa na mama mkubwa wa kumuuliza.

Njiani kurudi tulibishana, na safari hii haukuwa ubishi wa starehe. Mmoja wetu alisema tunyamaze, maana ndoa ya mtoto ni amana na Pwani maneno ya utumwa hayajafa. Mwingine akatukumbusha hadithi sahihi inayomwonya vikali mtu anayejinasibisha kwa makusudi na asiyekuwa baba yake. Tulipofika Bigwa tulikuwa tumenyamaza wote.

Siku mbili baadaye tulikwenda Bagamoyo. Binti mwenyewe tulimweleza kwanza, naye akasema, "Waambieni. Sitaki kuolewa kwa jina la mtu mwingine." Babu wa bwana harusi alitusikiliza akizungusha tasbihi. Tulipomaliza alisema, "Sisi tuliposa binti. Hatukuposa ngome." Kisha akaagiza chai iletwe. Kadi zilichapwa bila maneno yale, na ndoa ikafungwa, alhamdulillah.

Hatukuacha kuwapenda Waromanov. Jumamosi bado tunabishana. Lakini tumejifunza kwamba mapenzi ya nasaba za wafalme yana ugonjwa wake: humfanya mtu atafute ukubwa mahali alipotakiwa kutafuta jamaa zake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tujue nasaba zetu ili tuunge udugu, si ili tujisifie. Naye alimpenda Zayd bin Haritha, aliyetekwa akiwa mtoto akauzwa, hata watu wakamwita Zayd mwana wa Muhammad, mpaka ilipoteremka aya ya tano ya Surat Al-Ahzab ikiamrisha watu waitwe kwa baba zao. Aya hiyo hiyo haikuwasahau wasio na baba wanaojulikana. Imesema hao ni ndugu zetu katika dini.

Tunawanasihi wasomaji wetu wawaulize wazee wao mapema, na wayaandike majibu kama yalivyosemwa. Sisi tumeichana ile karatasi na kuchora nyingine. Juu hakuna tena Kisabengo wala binti yake. Yupo mtoto wa kike ambaye hajaota meno ya pili, na jina lake ni lile alilopewa ngomeni, kwa kuwa jina alilopewa na mama yake halikumfikia yeyote. Palipotakiwa kuandikwa baba yake, tumeandika: ndugu yetu katika dini. Kila Ijumaa tunamwombea dua kwa jina hilo alilopewa, na Allah anamjua kwa lile la kwanza.