Kompyuta ilivyomrudisha baba hewani baada ya kiharusi

Mzazi akipata kiharusi, familia huuliza kwanza kama atapona. Swali la pili huja taratibu, akisharudi nyumbani: sasa atakuwa anafanya nini kutwa nzima? Kwetu jibu lilikuwa kwenye redio.

Baba ni fundi mitambo mstaafu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ambayo hapa nchini hutolewa na TCRA. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii inapokea na kurusha, na wazee wengi wataikumbuka kwa jina la redio ya upepo. Kituo cha Tanzania hutambulika kwa jina linaloanza na 5H, na mwenye antena nzuri anaweza kuzungumza na mtu wa Japani au Brazili bila intaneti wala vocha.

Watu hawa wana mashindano yao. Moja ya makubwa ni CQ World Wide, ambayo kwa sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na kwa Morse ile ya mwisho ya Novemba. Huchukua saa 48, na kwetu huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Kazi ni kupata vituo vingi uwezavyo. Unampa mwenzako 59, maana yake unamsikia vizuri, kisha namba ya ukanda wako. Tanzania, Kenya na Uganda ziko ukanda wa 37. Naye anakupa ya kwake, mnaachana. Kituo cha bara jingine kina pointi 3. Mwishoni pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda ulizozipata katika kila bendi ya masafa.

Zamani baba aliandika yote haya kwenye daftari, na pembeni aliweka karatasi ya kuangalia marudio, maana kituo kimoja ukikipata mara mbili kwenye bendi ileile hakikuongezei kitu. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia mzito na ulimi mzito. Daftari likafungwa.

Katika kuandika habari za afya, wataalamu wa viungo wamenieleza jambo lilelile mara nyingi: ubongo hujifunza upya kwa kurudia, na mgonjwa hurudia kwa moyo kile anachokipenda. Baba alichoka haraka kuminya mpira wa mazoezi. Kuiangalia redio yake hakuchoka.

Mimi na mdogo wangu tukapakua N1MM Logger+, programu ya bure inayotumika kwenye Windows. Tuliunganisha redio na kompyuta kwa waya wa USB. Programu inataka kujua aina ya redio, namba ya mlango ambao waya umeingia, na kasi ya mawasiliano, ambayo lazima ifanane pande zote mbili. Zikishaelewana, ukizungusha kitufe cha redio masafa yanabadilika kwenye skrini. Baba alizungusha kwa mkono wa kushoto, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa anachapa kwa kidole kimoja jina la kituo alichokisikia. Saa na masafa vinajiandika vyenyewe. Kikiwa marudio, programu inamwonya. Kikiwa nchi mpya, inamwonyesha. Kitufe cha F1 kinapiga mwito kwa sauti yake mwenyewe tuliyoirekodi asubuhi, ulimi ukiwa mwepesi. F2 inatamka 59 na 37. Kinachobaki kwake ni kusikia jina la mwenzake na kulitamka herufi kwa herufi, na hapo ndipo mazoezi ya ulimi yalipo.

Matatizo hayakukosekana. Kila aliporusha kwa nguvu kubwa, kompyuta ilipoteza redio, kwa sababu mawimbi ya antena yalikuwa yakiingia kwenye waya wa USB. Tuliweka waya mfupi na kuuvika pete za feriti, ikatulia. Chaja ya kompyuta nayo ilileta mvumo kwenye spika, tukawa tunaichomoa na kutumia betri.

Mama hofu yake ilikuwa nyingine: presha. Saa 48 ni ruhusa, si lazima, kwa hiyo tulikubaliana kwamba dawa zitamezwa kwa wakati, presha itapimwa asubuhi na jioni, na usiku ni wa kulala. Jumapili asubuhi mama aliuliza, "Baba Neema, ulilala?" Akajibu alilala vizuri. Mama hajui lolote la redio, ila alishajifunza kwamba saa za kwenye programu unaziongezea 3 kupata za kwetu. Akasoma kwenye skrini: 2314. Saa nane na dakika 14 usiku, baba alikuwa akizungumza na Mhispania. Redio ikazimwa mpaka saa sita mchana, na mzee hakubisha.

Alimaliza na vituo 87. Kumbukumbu hutakiwa kutumwa kwa waandaaji ndani ya siku tano. Programu ilitengeneza faili lenyewe, naye akabofya mwenyewe kulituma.

Mzazi wako akipinda uso ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mwahishe hospitali saa hiyohiyo. Na akisharudi nyumbani, kumbuka alipenda nini kabla ya kuugua. Tafuta chombo cha kubeba sehemu ambayo mwili umeshindwa, halafu mwachie ile anayoiweza, hata kama anaifanya polepole.

Novemba ni zamu ya Morse. Baba ameshaanza kujifunza kuigonga kwa mkono wa kushoto, na mama ameshamwambia saa ya kulala.